Nakivale Hadi Mbarara Wakati wa Mvua: Safari Yetu na Gari la Godoro



Tangu tulipoligusia jambo hili kwa ufupi katika darsa la kina mama, tumeulizwa mara nyingi: familia inawezaje kusafiri na mjamzito, bibi kizee na watoto wadogo kutoka Nakivale kwenda Mbarara mwezi wa Novemba, barabara ikiwa imegeuka uji? Tumeona tuandike kwa kirefu kidogo. Huenda ikamsaidia mwenye safari kama yetu, na wanafunzi walio mbali na nyumbani nao wakumbuke barabara wanayoikimbia kila likizo.

Kwa wasiopajua, Nakivale iko katika wilaya ya Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda, si mbali na mpaka wa Tanzania. Makazi haya ya wakimbizi yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Wanyarwanda waliokuwa wakikimbia nchi yao, yakatambuliwa rasmi mwaka 1960, na ni miongoni mwa makazi ya zamani kabisa ya aina hii barani Afrika. Leo tuko humu zaidi ya watu 150,000: Wakongomani, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na wengineo. Kiswahili ndicho kinachotuunganisha sokoni na, kwa sisi Waislamu, hata kwenye baraza ya msikiti, ambapo Msomali na Mrundi hawawezi kusalimiana zaidi ya salaam kama hawana Kiswahili.

Mbarara ndio mji wetu mkubwa. Ulipewa hadhi ya jiji mwezi Julai 2020. Huko ndiko iliko hospitali kubwa ya rufaa ya eneo hili, ndiko kilipo chuo kikuu cha sayansi na teknolojia kilichoanzishwa mwaka 1989, na ndiko wafanyabiashara wetu wanakochukua bidhaa za jumla. Kwa hiyo mtu wa Nakivale akisema "naenda mjini", hana haja ya kutaja jina.

Barabara yenyewe ina sehemu mbili. Kutoka Mbarara kuelekea Isingiro mpaka Kikagati mpakani kuna lami, na lami hiyo ni nzuri. Ukiiacha lami ndipo safari inapoanza. Kinachobaki ni muramu, ule udongo mwekundu wenye changarawe unaoshindiliwa na mashine, na katikati ya barabara hunyanyuliwa kidogo ili maji yatiririkie pembeni. Wakati wa jua ni vumbi tu. Ikinyesha, juu panakuwa na utelezi kama sabuni, na kwa sababu barabara ina mgongo, gari huteleza taratibu kuelekea mtaroni hata kama dereva ameshika usukani kwa mikono miwili na anasoma kila dua anayoijua. Halafu kuna mabonde. Mto Rwizi unaopita mjini Mbarara haupotelei hewani. Unateremka mashariki mpaka kwenye maziwa ya Mburo na Nakivale, kupitia vinamasi vya mafunjo. Kwa hiyo mvua ikinyesha sana Mbarara, sisi tunayapokea maji yake hata kama kwetu kulikuwa na jua.

Tena kuna matoke. Isingiro ni wilaya ya ndizi, na ndizi hazisubiri kiangazi. Malori ya Fuso yanapakia shehena mpaka mikungu inaning'inia pembeni, yanapita usiku juu ya udongo uliolowa, yanaacha mifereji miwili yenye kina cha goti. Gari dogo linalokuja asubuhi linaikuta mifereji ile na kukalia tumbo. Hatuwalaumu wenye ndizi, maana nao wana watoto wa kusomesha. Lakini ukweli ni kwamba lori moja lililozidisha mzigo linaweza kuharibu kwa usiku mmoja kazi ya greda ya wiki nzima.

Sasa tuje kwenye gari letu. Baba yetu mdogo ana Toyota Hiace ya zamani, ya dizeli, aliyoinunua kwa ajili ya kubeba abiria. Mwaka 2022, bibi yetu alipoanguka na kuumia nyonga, ilionekana hawezi tena kukaa kwenye kiti kwa saa tatu za mitikisiko. Baba mdogo akafungua viti viwili vya nyuma, akapiga kitanda cha mbao cha kimo cha chini, chini yake nafasi ya mizigo, juu yake godoro la inchi nane. Fundi seremala alikuwa Mkongomani, fundi wa kuchomea vyuma Mwethiopia, na mapazia alishona mama. Kuna watu Ulaya wanaolipa fedha nyingi kuwa na gari la kulala ndani yake wakatembee nchi za watu. Sisi letu lilitengenezwa kwa ajili ya kliniki ya Jumatatu. Watoto wa mtaani wakaliita "gari la godoro" na jina hilo ndilo lililobaki.

Mwaka 2023 mvua zilikuwa na hasira mwanzo mpaka mwisho. Mnamo mwezi Mei mafuriko na maporomoko yaliua watu Rwanda na hapa kwetu magharibi mwa Uganda, na katikati ya mwezi huo maji ya Katonga yakaikata barabara kuu ya Kampala kwenda Masaka, barabara ya lami ambayo nusu ya nchi inaitegemea. Magari yakaelekezwa kuzunguka kupitia Mpigi, Kanoni na Sembabule. Mjomba wetu aliyekuwa analeta vitenge kutoka Kampala alifika Mbarara siku ya pili, amechoka, na mzigo umelowa. Tangu siku hiyo tuliacha kuona kwamba tabu ya barabara ni ya watu wa kambini peke yao. Kisha, kuanzia Oktoba, zikaja zile mvua za El Niño zilizofurika Somalia na Kenya. Majirani zetu Wasomali walikuwa wanapigiwa simu kila jioni na jamaa waliohama nyumba zao kwa maji, na wao wenyewe hapa wanachimba mitaro kuzunguka vyumba.

Dada yetu alikuwa na mimba ya wiki 37. Mtoto wa kwanza alizaliwa kwa upasuaji, na mkunga wa kituo cha afya alikuwa amemwambia wazi kwamba safari hii asingoje uchungu umkute nyumbani. Awe karibu na hospitali kubwa mapema. Kwa kawaida mtu angepanda bodaboda mpaka lami. Kina mama wengi hufanya hivyo, na pikipiki kweli hupita pale gari lisipopita, kwenye ukingo wa barabara au hata ndani ya migomba. Lakini mjamzito mwenye kovu la operesheni juu ya pikipiki kwenye utelezi ni jambo ambalo mama yetu alikataa hata kulisikia. Gari la wagonjwa lilikuwa limeshatoka na mgonjwa mwingine na halikujulikana litarudi saa ngapi. Kwa hiyo tukaenda na gari la godoro.

Tuliondoka siku ya Jumatano baada ya sala ya Adhuhuri. Mvua ilikuwa imenyesha siku nne mfululizo na ndiyo kwanza imekatika. Tulikuwa wanane: baba mdogo kwenye usukani, shemeji pembeni yake, dada na bibi juu ya godoro, mama, vijana wawili wa kusukuma, na mtoto wa kwanza wa dada, miaka mitatu, ambaye alikataa kuachwa. Tulibeba jembe, sepetu, panga, kamba nene ya manila, mbao mbili fupi, turubai, chandarua, chupa mbili za chai, chapati, tende, na maji ya kunywa kwenye madumu mawili. Tulisoma dua ya safari kwa sauti, na bibi akaongeza zake ambazo hakuna anayezijua isipokuwa yeye.

Hapa tuseme kidogo juu ya uendeshaji, kwa sababu vijana wetu wengi wanajifunza gari mjini kwenye lami na hawayajui haya. Baba mdogo hakukanyaga breki hata mara moja kwenye mteremko uliolowa. Alishuka kwa gia ya kwanza akiiacha injini ndiyo imshike. Gari hili linavutwa na magurudumu ya nyuma, kwa hiyo uzito ukiwa nyuma matairi hushika ardhi vizuri zaidi; vijana wote wawili walihamishiwa nyuma karibu na mlango. Kabla ya kuiacha sehemu ngumu alipunguza upepo wa matairi kidogo ili yatandazike juu ya tope. Kuhusu maji yanayokatiza barabara, kanuni yake ni moja: haingizi gari mahali ambapo mtu hajatembea kwanza kwa miguu na fimbo. Maji ya tope hayaonyeshi shimo. Maji ya kina cha sentimita 30 tu yakiwa na mwendo yanaweza kulielea na kulisogeza gari dogo, na ya sentimita 60 hubeba magari mengi, hata makubwa. Na injini ikizimika katikati ya maji, usiiwashe tena, maana ikinyonya maji ndiyo mwisho wake, toka usukumwe.

Binamu yetu aliyepelekwa Kanada anatuambia kwao hali ni hiyo hiyo kwa rangi nyingine. Anaishi Quebec, ambako sheria inalazimisha kila gari kuwa na matairi ya baridi kuanzia 1 Desemba hadi 15 Machi. Anasema kwenye barafu pia usikanyage breki kwa ghafla, uzito na mwendo wa pole ndio msaada, na kwenye buti hubeba sepetu, blanketi na chakula. Tofauti, anasema, ni kwamba kule ukikwama usiku na huna blanketi unaweza kufa kwa baridi ndani ya gari lako. Sisi tukikwama tunaumwa na mbu. Tulimwambia ashukuru ana greda la theluji linalopita alfajiri. Akasema atashukuru, lakini anatamani mbu.

Tulikwenda vizuri kwa saa moja na nusu. Tukafika kwenye bonde lenye mafunjo pande zote, na pale tukakuta magari tisa yamesimama. Lori la matoke lilikuwa limezama gurudumu la nyuma na kulala ubavu barabarani, limeziba njia kama mlango. Maji yalikuwa yanapita juu ya tuta upande wa kushoto. Hakuna aliyeweza kwenda mbele, na nyuma yetu kilima tulichotoka kushuka kilikuwa kimeshachafuliwa na matairi yetu wenyewe.

Vijana wa kijiji cha jirani walikuwa pale na majembe. Kila mvua wanayo kazi hii: kukata migomba, kupanga magogo yake chini ya magurudumu, kusukuma, na kulipwa. Wapo madereva wanaodai vijana hao huchimbua mashimo usiku ili kazi isiishe. Hatukuliona hilo, na kwa macho yetu tuliona watu waliolowa mpaka kifuani wakifanya kazi nzito kwa shilingi chache. Walipochungulia dirishani wakamwona dada amelala, mkubwa wao aliwaambia wenzake jambo kwa Kinyankole, na tangu hapo hawakututajia bei.

Jua likazama lori lingali pale. Tukalazimika kulala.

Suala la sala lilizua mazungumzo, na tunalieleza kwa kuwa wengi wenu mtakutana nalo. Shemeji alisema sisi ni wasafiri, tupunguze. Mama, aliyesoma madrasa kwa miaka mingi, akamkumbusha kwamba kwa madhehebu ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu huku tunayafuata, masafa ya kupunguza sala ni kilomita 80 na kitu kwa kwenda peke yake, na Nakivale mpaka Mbarara hayafiki hapo. Kwa hiyo tulisali kamili, kila sala kwa wakati wake. Udhu tulichukua kwenye maji yale ya kahawia yaliyokuwa yanapita barabarani, kwa sababu maji yaliyobadilika rangi kwa udongo tu yanabaki kuwa twahara na yanatoharisha. Maji safi ya madumu tuliyaacha ya kunywa. Tulitandika turubai juu ya tope, na kibla kwa hapa kwetu ni kaskazini ukiegemea kidogo mashariki, yaani kulekule kilima tulikotoka. Dada alisali ameketi juu ya godoro. Dereva wa lori la matoke alikuwa Mkristo; alizima redio yake mpaka tulipomaliza bila kuombwa.

Kulala kwenyewe hakukuwa na raha, lakini kulikuwa na mpango. Chandarua kilifungwa kwenye vishikio vya juu ya madirisha, kikafunika kitanda chote. Bibi, dada na mtoto wakalala hapo. Mama alikaa kwenye kiti akiwa na tasbihi. Wanaume walibaki nje kwa zamu karibu na moto mdogo, kwa sababu watu wa ziwani walishatuonya kwamba viboko hutoka usiku kula majani. Vyura walipiga kelele mpaka mtoto akauliza kama wanalia kwa njaa. Mnamo saa saba usiku dada alisema tumbo linakaza.

Hatutaficha kwamba hapo kila mtu aliogopa. Mama alimshika mkono akahesabu kwa saa ya simu muda kati ya mkazo na mkazo. Dakika 20, kisha 25, kisha 15, kisha ukapotea. Shemeji alikwenda kwa vijana kuuliza kama pikipiki inaweza kuvuka. Mmoja wao akajitolea kumbeba dada kwa machela ya kienyeji, watu wanne begani, mpaka upande wa pili wa bonde, halafu gari litafutwe huko. Walikwenda kuikata miti ya machela gizani, bila kungoja jibu letu. Bibi ndiye aliyetuliza. Alizaa tisa, watano wao njiani au mashambani, na alimpapasa dada tumbo kwa muda mrefu, kisha akasema: "Huyu bado. Anageuka tu. Mpeni chai." Tukampa chai yenye sukari nyingi. Mkazo haukurudi mpaka alfajiri, lakini machela ilikaa tayari imeegemezwa kwenye gari letu, na tulimwona dada akiitazama kupitia dirishani mara kwa mara.

Baada ya sala ya Alfajiri mambo yalikwenda haraka. Mwenye ndizi mwenyewe alifika kwa pikipiki, akakubali mzigo upunguzwe. Mikungu ikashushwa, ikapangwa kando, na lori lililokuwa jepesi likanyanyuliwa kwa jeki mbili juu ya magogo ya mimea na likavutwa na trekta. Saa mbili na nusu asubuhi njia ilikuwa wazi upana wa gari moja. Mkubwa wa vijana alitembea mbele yetu ndani ya maji na fimbo, akionyesha kwa mkono kushoto, kulia, njoo, na baba mdogo akamfuata kwa gia ya kwanza bila kusimama. Maji yalifika kwenye ngazi ya mlango. Bibi alifumba macho. Tulipofika ng'ambo tulitaka kuwalipa, wakakataa ya kwetu lakini wakachukua chapati zote zilizobaki. "Mwebare munonga," tuliwaambia, na hicho ndicho Kinyankole pekee ambacho nusu yetu tunakijua. Dereva wa lori alitutupia mkungu mmoja dirishani.

Kwenye lami tulisimama dakika kumi kujaza matairi upepo. Dada alifika hospitali kabla ya Adhuhuri, matope mpaka kwenye kitambaa cha kichwa, na muuguzi aliyempokea alimuuliza kama ameanguka. Uchungu wa kweli ulianza siku tatu baadaye, Jumapili usiku. Kovu lilileta wasiwasi, madaktari wakaamua kumpasua, na kwa uwezo wa Allah akazaliwa mtoto wa kike wa kilo tatu na gramu mia mbili. Daktari alisema kama uchungu ule ungemkuta mbali na chumba cha upasuaji, yeye asingependa kueleza matokeo yake. Mama aliposikia hivyo alitoka nje ya wodi akakaa peke yake kwa muda.

Siku zile za kungoja, gari ndilo lililokuwa nyumba yetu. Waliomhudumia dada walilala kwa zamu juu ya godoro lile katika uwanja wa jamaa mmoja wa msikitini, mke wake akatuletea uji kila asubuhi, na tuliokoa fedha za gesti ambazo hatukuwa nazo. Akika ilichinjwa huko huko siku ya saba, mbuzi mmoja, na mkungu wa dereva wa lori ukapikwa pamoja naye.

Tuliporudi Nakivale, jua lilikuwa limewaka siku nne. Lile bonde lilikuwa limekauka juu, na mifereji ya malori ilikuwa imegeuka migumu kama matofali ya kuchoma, hata gari lilitikisika kuliko siku ya tope. Tulifunga madirisha yote kwa sababu ya vumbi, na dada akamfunika mtoto uso kwa ncha ya mtandio. Machela ilikuwa bado imeegemezwa kwenye mti kando ya barabara. Baba mdogo alisimamisha gari, vijana wakaifungua kamba zake, wakaipakia miti ile chini ya kitanda pamoja na jembe na sepetu, na mpaka leo inasafiri nasi.